Shamba la Bibi Lina Mwenyewe

Mimi ni bibi, na shamba ninalo. Liko Bahi, upande wa bondeni ambako maji ya mvua hutuama, na nimelilima tangu nilipokuwa mwalimu kijana mwenye mtoto mgongoni. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia "shamba la bibi" hucheka kidogo, kana kwamba ni jambo la kubuni, kana kwamba hakuna bibi aliyewahi kusimama kwenye tope hadi magotini akasema hili ni langu.

Nilifundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka nikastaafu. Wengi wa watoto wangu walikuja darasani na Kigogo tu mdomoni, na Kiswahili walikipata kwangu, neno baada ya neno. Kipindi nilichokipenda kuliko vyote ni kile cha misemo. Kila mwaka ilifika siku ya kuwafundisha namna ya kutaja mahali penye neema, mahali ambapo kitu cha thamani hupatikana kwa wingi. Niliandika ubaoni: chemchemi, kisima, ghala, hazina, mgodi. Kisha tukatunga sentensi. Mtu anayejua mengi ni hazina. Mwenye busara ni kisima, watu huenda kuchota kwake. Niliwaambia watoto kwamba kila neno hapo lina adabu yake. Kisima hufunikwa usiku. Ghala lina ufunguo, na ufunguo uko kwa mtu. Anayeingia kwenye mgodi wa mwenzake bila ruhusa huitwa mvamizi.

Shamba la bibi sikuwahi kuliandika ubaoni. Nilianza kulisikia redioni. Kiongozi mmoja aliyekuwa amekasirishwa na wezi wa ofisini alisema mali ya umma siyo shamba la bibi, mwingine akalidaka, na baada ya muda likawa mdomoni mwa kila mtu, hata wahubiri. Mume wangu alikuwa hai wakati huo. Tulikuwa tunakula, redio ikiwa juu ya kabati, nikaweka tonge chini.

"Kwa hiyo la bibi ndilo ruksa?" nikamuuliza.

Akacheka, akaniambia mwalimu unapenda kubishana na redio. Lakini mimi sikuwa natania. Yule kiongozi alikuwa anakemea wizi, na watu walimpigia makofi, nami ningempigia pia. Ila katika kukemea huko alikuwa amekubali jambo moja bila hata kulifikiria: kwamba kuna shamba ambalo ukiingia na gunia hakuna wa kukuuliza, na shamba hilo ni la mwanamke mzee. Mgodi una mwenyewe. Ghala lina mwenyewe. Lugha nzima niliyoifundisha kwa upendo ilipotafuta mfano wa kitu kisicho na mwenyewe, ilikuja kwangu.

Mume wangu alikuwa mtu wa ng'ombe. Kazi ya mpunga aliiona ni kazi ya kuinama, na yeye kuinama hakukupenda. Jaruba la kwanza nililifyeka mwenyewe na matuta yake ya kuzuia maji nikayainua mwenyewe, jioni baada ya kutoka shule. Nilipoanza kuvuna vizuri nikawaendea wazee wa kijiji, wakaniongezea la pili, na baadaye la tatu. Alipofariki, ng'ombe waligawanywa kama mila inavyotaka, na hapo kila mtu alijua lililo lake. Kuhusu majaruba hakuna aliyesema neno. Nilidhani wamenyamaza kwa sababu wanajua ni yangu. Kumbe walinyamaza kwa sababu waliyaona ni ya wote.

Mtoto wangu wa kwanza anaishi Ipagala, pale mjini Dodoma. Ana kazi nzuri ofisini na mke ambaye ni muuguzi. Si mtoto mbaya. Nikiugua huja, na baba yake alipolazwa ni yeye aliyelala kwenye benchi la hospitali. Kila nilipovuna nilimpelekea mchele, tena ule wa kwanza, wenye harufu, na moyo wangu ulifurahi nikiwaona wajukuu wanakomba sahani. Hiyo ilikuwa zawadi. Zawadi hutoka kwenye mkono wa mtoaji.

Baadaye akawa anakuja mwenyewe na magunia matupu. Akawa anachukua bila kuniuliza ni yapi ya mbegu na yapi ya kula. Nilimwambia mara moja, akasema samahani mama, na msimu uliofuata akafanya vilevile. Kisha alipofanya sherehe ya kipaimara cha mwanawe, akasimama mbele ya wageni, watu wa ofisini kwake wakiwa mstari wa mbele, akawakaribisha mezani. Akasema kuleni msiogope, huu mchele unatoka shamba la bibi, hauishi. Wakacheka wote. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake wenzangu karibu na masufuria, vidole vyangu bado vina nyufa za kupura. Sikucheka, lakini kuharibu shughuli ya mtoto sikutaka. Mkwe wangu aliniangalia usoni, kisha akatazama chini.

Mwaka ule uliofuata mvua zilikuwa njema sana. Bahi ikajaa maji mpaka watu wakaanza tena kuvua samaki mahali ambapo kwa miaka walipitisha mbuzi. Mpunga ulisimama kama ukuta. Kwa wasioijua kazi hiyo niseme tu kwamba mpunga ukisimama hivyo ndipo ndege nao wanapokusanyika. Kweleakwelea hushuka kama moshi, na usipokuwa shambani tangu alfajiri unaachiwa makapi. Kwa wiki kadhaa nilishinda juani nikipiga debe na kupiga kelele, mimi na jirani yangu. Sauti ilinikauka. Tulipomaliza kuvuna na kupura, magunia yakapangwa uwanjani karibu na nyumba, yakafunikwa kwa turubai, yakisubiri kwenda mashineni kukobolewa.

Jirani huyo ni mwanamke aliyeolewa hapa kutoka Chemba. Lugha ya kwao ni ile yenye sauti za kugonga ulimi, na Kiswahili alikijua ukubwani. Anakizungumza vizuri ila kwa unyoofu. Ukimwambia mtu fulani ana mkono mrefu, atautazama mkono. Nilikuwa nimezoea kumweleza misemo tukiwa tunapalilia, naye huniuliza kwa nini watu hawasemi tu wanachotaka kusema.

Jumapili moja nilikwenda ibadani. Ibada ilirefuka, kulikuwa na ubatizo. Nilipokuwa narudi, kabla sijafika nyumbani nikaona gari dogo la mizigo, kirikuu, limeegeshwa uwanjani kwangu, turubai limefunuliwa, na wanaume wameshikilia magunia yangu huku na huku wakiyatupia ndani ya gari. Walikuwa wamevaa vizuri, mashati ya kuchomekea, mmoja amefunga leso shingoni ili vumbi lisimchafue. Katikati ya uwanja, juu ya gunia, alikuwa amekaa jirani yangu. Alikuwa amekunja mikono, na ilionekana wazi kwamba amekaa hapo muda mrefu.

"Shikamoo bibi," wale wanaume wakasema karibu kwa pamoja, kwa furaha kabisa.

Nikaitikia marahaba, maana mdomo umezoea. Nikawauliza ni nani na wanafanya nini. Yule mwenye leso, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao, akaniambia nisisumbuke, nikapumzike ndani, wao wanajipakilia wenyewe. Wametoka mjini, wanafanya kazi na mwanangu. Amewaambia waje wachukue mchele, kwa hiyo wamekuja na gari na watapitia mashineni wenyewe.

Jirani yangu akaingilia bila kuinuka pale alipokaa. Alisema aliwauliza wametumwa na nani, wakamjibu kwamba hapa ni shamba la bibi.

"Nikawaambia ndiyo, ni la bibi," akasema. "Bibi yuko kanisani. Subirini. Wakacheka, wakaendelea kubeba. Mwalimu, mimi sijaelewa wanacheka nini."

Alikuwa anauliza kweli. Nami nikasimama pale na Biblia yangu mkononi. Sikuwa nimewahi kuona jambo kama hilo. Maneno ambayo kwa miaka nilikuwa nikiyasikia redioni yakipita hewani yalikuwa sasa yameshuka, yamepaki gari kwangu, yana miguu na viatu vilivyong'arishwa. Na hawakuwa wezi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mwizi angekimbia aliponiona. Hawa waliniamkia.

Niliwaambia washushe. Yule mwenye leso akatabasamu, akasema bibi labda hujapata taarifa, ngoja tumpigie mwanao. Nikamwambia hakuna haja ya kumpigia mtu, mwenye mpunga amesimama mbele yao na ameshazungumza. Wakatazamana. Nadhani walikuwa hawajui lipi ni la aibu zaidi, kushusha au kuondoka nayo. Kijana mmoja kati yao akapanda garini akaanza kushusha, na wenzake wakamfuata. Waliyapanga vibaya, gunia moja likapasuka na mpunga ukamwagika kwenye vumbi. Wakaondoka bila kuaga. Jirani yangu akainuka, akachukua ungo, tukapiga magoti tukaanza kuokota.

Kesho yake nilikwenda Ipagala. Mwanangu aliporudi kazini alinikuta sebuleni kwake. Mkwe wangu alikuwa ameniwekea chai, nami sikuwa nimeigusa. Hakuniuliza habari za safari. Alisema nimemwaibisha. Wale watu, alisema, mmoja wao ni bosi wake, na sasa ofisi nzima inajua kwamba mama yake amewafukuza kama vibaka. Nikamwacha aseme yote. Aliposhusha pumzi nikamuuliza kwa nini aliwapa kitu kisicho chake.

"Mama, mpunga mwaka huu ni mwingi," akasema. "Na wewe unaishi peke yako. Utaufanya nini wote ule?"

Nimesomesha watoto wa watu, nimezika mume, nimeugua malaria mara nisizohesabu, na sidhani kama kuna swali lililowahi kunichoma kama hilo. Nikamjibu kwa utulivu, maana nilikuwa nimefikia pale ambapo hasira inakuwa tulivu. Nilimwambia nitatoa mbegu ya mwakani. Nitawapa haki yao waliokuja kunisaidia kuvuna. Nitapeleka kanisani. Nitaweka akiba, kwa sababu mvua ya Bahi siyo ya kuaminiwa, na yeye amekulia hapo na anajua. Nitakula. Na kitakachobaki, nikitaka nitakaa nikitazame tu mpaka nife, na hata hapo hakuna mtu atakayekuwa na haki ya kuniuliza nakifanyia nini.

"Lakini mama, ni msemo tu," akasema. "Kila mtu anausema. Sikuwa na nia mbaya."

"Msemo huo umeingia kwangu na gari," nikamwambia.

Akatoka nje kupokea simu ambayo sikuisikia ikiita.

Mkwe wangu alinisindikiza kituoni. Tulitembea taratibu, jua likiwa linazama nyuma ya nyumba zile mpya zilizoota Ipagala kila upande. Nilidhani ataniomba nimsamehe mumewe, kama wakwe wanavyofanya. Badala yake alinishika mkono akasema, bila kuniangalia, "Mama, mle nyumbani mshahara wangu nao ni shamba la bibi. Ila mimi sijapata nafasi ya kusema washushe." Gari likaja. Nilipanda nikiwa na maneno hayo, na njia nzima nilikuwa nimewakasirikia watu ambao hata sikuwajua, kila aliyewahi kuutumia msemo huo akacheka.

Habari zilifika kwa ukoo kabla yangu. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akaitisha kikao. Alizungumza kwa heshima lakini maana yake ilikuwa wazi: mama hamfukuzii mwanawe wageni, na mali ya familia ni ya familia. Nikauliza ni nani kati ya waliokaa pale amewahi kuingia kwenye jaruba lile wakati wa kupandikiza. Mtu mmoja akakohoa. Nikasema basi kuanzia sasa utaratibu ni rahisi. Anayetaka mchele aje mwezi wa kwanza, avue viatu. Asiyeweza kuinama aje kufukuza ndege. Mgonjwa na mtoto mdogo watapata bila kuja, na mimi mwenyewe ndiye nitakayepima. Shemeji akasema mwalimu umekuwa mkali uzeeni. Nikamwambia mimi mkali tangu ujanani, ila nilikuwa na kazi nyingi.

Mwanangu hakuja msimu ule. Alikuja mkwe wangu, peke yake, amechukua likizo kazini. Hakuwahi kulima mpunga, kwao ni watu wa mahindi. Siku ya kwanza alianguka kwenye tope mara nyingi kiasi kwamba jirani yangu alishindwa kujizuia akacheka, naye akacheka, tukacheka wote watatu. Usiku aliniomba mafuta ya kujichua mgongo. Hatukumzungumzia mumewe, ila siku aliyoondoka aliniambia amefungua akaunti yake, na kwamba nyumbani kumekuwa na maneno. Nikamwambia maneno hupita. Sikuwa na hakika, lakini nilimwambia.

Kisha ukaja mwaka mbaya. Mvua zilinyesha siku chache mwanzoni, zikaondoka. Kitalu kilikauka kabla ya kupandikiza, na bonde likapasuka nyufa ambazo ungeweza kutia mkono. Wafugaji wakapitisha ng'ombe katikati ya majaruba yangu na sikuwazuia, hakukuwa na cha kuharibu. Nilipanda uwele kidogo kwenye ardhi ya juu na nikaishi kwa ile akiba. Katika mwaka wote huo hakuna mtu wa mjini aliyenipigia kuuliza habari za shamba. Hakuna aliyelitaja kwenye sherehe. Nilikuwa nikikaa barazani jioni na kulitazama lile bonde jeupe, na hasira yangu ilikuwa nyingi kuliko siku ile ya gari. Wakati wa neema lilikuwa la wote. Wakati wa ukame lilirudi kuwa la kwangu bila hata kikao.

Mwaka huu maji yamerudi. Mpunga si mwingi kama ule, lakini upo. Wiki ya kwanza ya ndege, asubuhi, nikiwa nimeshachoka kupiga kelele, niliona bodaboda inakuja juu ya tuta kubwa. Aliyeshuka ni mwanangu. Hakuwa na gunia. Alikuwa amevaa fulana ya zamani ya baba yake na viatu vya plastiki ambavyo bila shaka alivinunua njiani, maana bado vilikuwa na karatasi ya dukani.

Akaniamkia. Nikaitikia. Hakuniomba msamaha, na mimi sikumrahisishia kwa kusema yameisha, kwa sababu hayajaisha. Nilimpa debe na fimbo, nikamwonyesha upande wa mashariki, nikamwambia wakitua tu apige, asisubiri wazoee. Akaenda. Mara ya kwanza alipiga kwa aibu, kama mtu anayebisha hodi. Jirani yangu akamwambia kutoka ng'ambo kwamba ndege hawaogopi mtu mwenye adabu. Kufikia saa nne sauti yake ilikuwa imekauka na shingo imewiva kwa jua. Alikuja kunywa maji kwenye kibanda, akakaa chini karibu nami, akawa anatazama viganja vyake.

Simu yake ikaita. Alipokea, na kwa jinsi alivyojibu nilijua ni mtu wa ofisini. Waliulizana hali. Kisha akasikiliza kwa muda, akanitazama, akaishusha simu kutoka sikioni.

"Anauliza kama kuna mchele," akaniambia. "Nimwambieje?"

Nilifikiri kidogo, si kwa sababu sikuwa na jibu, bali kwa sababu nilitaka kukaa kidogo na lile swali. Kisha nikasema hapana, mwaka huu hautoshi. Akamwambia yule mtu kwamba mwenye shamba amesema hapana. Akasimama, akachukua debe lake, akarudi upande wa mashariki ambako kweleakwelea walikuwa wameshatua.